Pampu ya dripu ipi ununue: kavu, yenye maktaba ya dawa, au ya mtandao?

Wadau, mwezi huu nimeulizwa swali lile lile mara tatu na watu wa hospitali tatu tofauti. Wote wako kwenye kununua, wana hela ya pampu sita au nane hivi, mezani wana makaratasi ya kampuni mbili tatu na kila karatasi imeandika kwamba pampu hii ni salama, sasa wanataka kujua huo usalama wa ndani ya programu ambao muuzaji anausifia ni kitu cha kulipia au ni cha kupandishia bei tu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, hizi pampu nazifungua, nazipima, nazirudisha wodini, na usiku simu ikilia mara nyingi ni kwa ajili yake. Nitazilinganisha jinsi ninavyozijua na nitasema wazi mimi ningechukua ipi.

Ila kabla ya kuzishindanisha kuna kitu lazima kieleweke, maana hapa ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ulinzi uliopo ndani ya programu ya pampu ni wa aina mbili na hazifanani kabisa. Kuna ulinzi unaoiangalia mashine yenyewe: mota inazunguka kama ilivyoamriwa? kuna hewa kwenye mpira wa dripu? mpira umeziba? betri imebaki kiasi gani? Halafu kuna ulinzi unaomwangalia mtu: hii namba uliyoandika, kwa dawa hii, kwa mgonjwa wa uzito huu, inaingia akilini? Pampu inaweza kuwa na ule wa kwanza wote umekamilika na ule wa pili isiwe nao hata chembe, na kwenye karatasi bado itaandikwa salama.

Nitoe mifano miwili. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilisema kati ya 2005 na 2009 ilipokea taarifa kama 56,000 za matukio mabaya yanayohusiana na pampu za dripu, na ndani ya kipindi hicho pampu ziliitwa zirudishwe kwa watengenezaji mara 87. Kati ya matatizo ya programu waliyoyataja kuna moja la kitufe: nesi anabonyeza sifuri mara moja, pampu inasoma sifuri mbili. Fikiria hapo, mtu hajakosea kitu, kidole chake kimefanya kazi sawasawa, mashine ndiyo imeongeza dozi mara kumi. Hilo ni kosa la mashine.

Sasa geuza. Mwaka 2006, Edmonton kule Kanada, mgonjwa wa saratani aliandikiwa dawa ya fluorouracil iingie taratibu kwa siku 4. Kasi sahihi ilikuwa mililita 1.2 kwa saa. Lebo ya famasia ilikuwa na namba zote mbili, 28.8 kwa saa 24 na 1.2 kwa saa, nesi akapiga hesabu akagawanya kwa siku nne akasahau kugawanya tena kwa saa 24, akapata 28.8, akaangalia lebo, 28.8 ipo, akaiingiza. Nesi wa pili akahakiki, naye akaridhika. Mfuko wa siku nne ukaisha ndani ya saa nne, na mgonjwa akafariki wiki tatu baadaye. Pampu ile haikuwa mbovu. Ilisukuma 28.8 kama ilivyoambiwa, bila hewa, bila kuziba, betri nzima, taa ya kijani. Ulinzi wote wa mashine ulisema kila kitu kiko sawa kwa sababu kwa upande wa mashine kweli kila kitu kilikuwa sawa.

Kwa hiyo ukiletewa pampu swali la kwanza si "ni salama?", ni "inamlinda nani asikosee, mashine au mtu?". Ukishika hilo, kuchagua kunakuwa rahisi.

Sokoni kwetu nazigawa makundi matatu. Pampu kavu, yaani unaweka mililita kwa saa na jumla ya mililita basi, haijui ndani ya mfuko kuna nini. Pampu yenye maktaba ya dawa, ambayo ina orodha ya dawa ndani yake na vikomo vya dozi, orodha unaiingiza kwa laptopu na waya au kwa flashi. Na pampu ya mtandao, ina maktaba hiyo hiyo ila imeunganishwa na kompyuta kuu ya hospitali kwa waifai.

Pampu kavu

Usiidharau. Pampu kavu iliyotengenezwa vizuri ina ulinzi mwingi wa mashine, na ukweli ni kwamba ulinzi huu ndio unaofanya kazi kila dakika bila kumsumbua mtu. Ukiwasha inajipima: inakagua kumbukumbu yake kama haijaharibika, inalia kidogo ili usikie kama spika ni nzima, inawasha taa zote. Wakati inasukuma kuna saketi ya pembeni inayosubiri ishara kutoka kwa prosesa kila baada ya muda mfupi sana, ishara isipokuja ina maana programu imeganda, basi saketi ile inakata mota na kupiga alamu. Kuna sensa inayohesabu mizunguko ya mota na kulinganisha na iliyoamriwa. Kuna sensa ya hewa, nyingi ni za mawimbi ya sauti yanayopita kwenye mpira, na kuna sensa ya presha inayojua mpira umeziba.

Hapa nikae kidogo, maana pampu kavu na pampu kavu hazilingani hata siku moja. Tofauti kubwa ninayoiona ni vitu vitatu.

Kwanza ile klipu ya kuzuia dawa kumwagika. Ukifungua mlango wa pampu ukautoa mpira wakati mfuko bado umening'inia juu, dawa inatakiwa isimame yenyewe. Pampu nzuri ina klipu inayofunga mpira kabla mlango haujaachia, huwezi kutoa bila kufunga. Pampu mbaya inategemea nesi akumbuke kufunga kwa mkono ile roli ya kubania mpira. Kama mfuko una potasiamu au dopamini, sekunde chache za kusahau zinatosha kuua mtu. Hii si programu, ni chuma na plastiki, na mimi ndiyo maana naiamini zaidi. Kwenye mashine ya mionzi ya Therac-25, kati ya 1985 na 1987, kinga za chuma zilizokuwepo kwenye mashine za kabla yake ziliondolewa wakaachia programu peke yake, wagonjwa sita wakapigwa mionzi ya kupita kiasi na baadhi walifariki. Programu inatakiwa isimame juu ya chuma, isichukue nafasi ya chuma.

Pili ni aina ya mpira na sirinji. Pampu nyingi za bei nafuu zinasema zinakubali mpira wowote. Kweli zinakubali, ila kila aina ya mpira ina upana wake na ulaini wake, lazima uipimie na kuiingizia namba yake. Bohari ikibadilisha aina ya mpira na wewe hukupima tena, pampu inaonyesha 100 kwenye skrini na kinachoingia ni kingine, na hakuna alamu yoyote itakayolia kwa sababu programu inahesabu mizunguko ya mota, haihesabu dawa. Kwa pampu ya sirinji ni hivyo hivyo. Pampu inasukuma kichwa cha sirinji kwa milimita, halafu inakadiria mililita kutokana na upana wa sirinji uliyochagua kwenye menyu. Sirinji mbili zote zimeandikwa 50 lakini moja ina upana wa ndani wa milimita 28 na nyingine 29, hapo tayari dawa imetofautiana karibu asilimia 7, na ukiunganisha na nesi aliyechagua jina la kampuni lisilo lenyewe kwa sababu jina la sirinji yenu halipo kwenye orodha, kwa mtoto mchanga aliyewekewa adrenalini hiyo si tofauti ndogo.

Tatu, alamu ya kuziba kwenye kasi ndogo. Watu wanadhani mpira ukiziba pampu inalia papo hapo. Kwenye 100 kwa saa inalia haraka, sawa. Kwenye mililita 1 kwa saa na sirinji ya 50 na kikomo cha presha kikiwa juu inaweza kupita saa nzima kabla haijalia, muda wote huo mgonjwa hapati dawa na presha inajaa kwenye mpira, halafu ukiachia kizuizi ile dawa iliyojaa inaingia yote kwa mkupuo. Pampu nzuri inarudisha mota nyuma kidogo kupunguza presha kabla hujafungua. Hiki ni kipengele cha programu cha kulipia kabisa, muulize muuzaji, na asipokuelewa unauliza nini basi umeshapata jibu.

Yenye maktaba

Sasa hadithi yangu. Hospitali sitaitaja. Saa tisa usiku simu inalia, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Fundi, njoo utoe mashine yako, mbovu, inakimbiza dripu ya uchungu. Nimeshaifunga."

Nikaenda. Mfuko ulikuwa na oksitosini yuniti 5 kwenye mililita 500, kwa hiyo kila mililita ina miliyuniti 10. Dozi ya kuanzia iliyoandikwa kwenye faili ni miliyuniti 2 kwa dakika. Hesabu yake ni mililita 12 kwa saa. Nikaipima pampu pale pale kwa silinda ya vipimo, iko vizuri. Nikafungua kumbukumbu ya matukio ndani ya pampu: saa nane na dakika kadhaa, kasi iliyoingizwa, 120. Nesi aliyeiingiza alikuwa peke yake na akina mama kumi na mmoja, na sista aliigundua kwa macho tu, alipita akaona chemba ya matone inadondosha kama ya maji ya kawaida. Mama alijifungua salama na mtoto akalia, nashukuru Mungu mpaka leo.

Angalia hapo vizuri. 120 ni namba ya kawaida kabisa kwa pampu. Maji ya chumvi yanaingia 120 kila siku. Pampu kavu haiwezi kujua kwamba hii ni oksitosini na 120 ina maana ya miliyuniti 20 kwa dakika, mara kumi ya dozi ya kuanzia. Pampu yenye maktaba ungeanza kwa kuchagua wodi, halafu dawa, halafu mchanganyiko, yuniti 5 kwenye 500, halafu unaandika dozi yenyewe, 2, na pampu inajipigia hesabu ya 12. Ukiandika 20 inasimama inakuuliza. Yaani ile hesabu ya kugawanya na kuzidisha ambayo nesi wa Edmonton alikosea, na huyu wetu akakosea kidole, imeondolewa mikononi mwa mtu mwenye usingizi.

Vikomo viko vya aina mbili na hapa muulize muuzaji vizuri. Kikomo laini kinakuonya, unaweza kukubali ukaendelea, na kinaandika kwenye kumbukumbu kwamba ulionywa. Kikomo kigumu hakipitiki, lazima urudi ubadilishe namba. Kuna pampu za bei ya chini zinaitwa za maktaba na ndani zina majina ya dawa tu, ukichagua heparini neno heparini linatokea kwenye skrini na hakuna kikomo chochote nyuma yake. Hiyo ni lebo, si ulinzi. Nimewahi kuletewa moja ya hivyo kwenye maonyesho, nikachagua potasiamu nikaweka 999, ikaanza kusukuma bila hata kuuliza.

Na sasa mabaya yake, maana yapo. Maktaba haioni ndani ya mfuko. Nesi akichanganya yuniti 10 kwenye 500 halafu akachagua mchanganyiko wa yuniti 5, skrini inaonyesha 2 na mama anapata 4, na pampu inakuhakikishia kwa rangi ya kijani kabisa kwamba uko ndani ya kikomo. Uzito nao: pampu nyingi zikiwashwa zinauliza kama ni mgonjwa mpya, ukibonyeza hapana kwa haraka inabaki na uzito wa yule aliyetoka, na kama aliyetoka ni wa kilo 70 na aliyeingia ni mtoto wa kilo 9, basi vikomo vyote vimehama. Kwa hiyo maktaba bila mchanganyiko mmoja unaofuatwa hospitali nzima ni nusu ya ulinzi.

Halafu kuna njia ya pembeni. Pampu zote za maktaba nilizozishika zina hali ya kawaida ya mililita kwa saa, kwa ajili ya maji na dharura, na ukiingia huko maktaba imelala. Boston kulifanyika utafiti kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo, ukachapishwa 2005, walikuta maktaba ilirukwa kwenye asilimia 25 ya dripu, na mwisho wa siku hawakuona makosa makubwa ya dawa yamepungua kiasi cha kupimika. Pampu zilikuwa za kisasa, hospitali ni ya nguvu, lakini robo ya dripu zilipita mlango wa nyuma. Mimi sisomi hiyo kama sababu ya kutokununua maktaba. Naisoma kama kipimo cha kuchagulia: ukiwa na pampu mbili za maktaba mbele yako hesabu vitufe. Kufika kwenye dawa kupitia maktaba ni mibonyezo mingapi? Kuiruka ni mingapi? Nimepima pampu moja, kupitia maktaba mibonyezo 14, kuiruka 3. Nesi mwenye mgonjwa anayezimia atabonyeza 3, hata mimi ningebonyeza 3. Nyingine ikiwashwa inafungukia kwenye orodha ya dawa za wodi moja kwa moja, mibonyezo 6 umemaliza, na ili uiruke lazima upite skrini inayosema wazi kwamba hakuna kikomo. Ya pili ndiyo ya kununua hata kama skrini yake ni ndogo na haina rangi.

Kinachoua maktaba kuliko vyote ni kukosa mwenyewe. Orodha inahitaji mfamasia, daktari na nesi mkuu wakae, waandike dawa, michanganyiko, kikomo cha chini na cha juu, wasaini, na warudi kuiangalia tena baada ya miezi. Vikomo vinatoka kwenye mwongozo wenu wa matibabu, havitoki kwa muuzaji wala kwa fundi. Mkivibana sana pampu inaonya kila saa na manesi wanazoea kubonyeza ndiyo bila kusoma, na siku ya onyo la kweli watabonyeza ndiyo vile vile. Msianze na dawa 200. Anzeni na zile zinazoua zikikosewa: potasiamu, insulini, heparini, oksitosini, magnesiamu salfeti, adrenalini, noradrenalini, dopamini, mofini, ketamini. Kumi hizo zikikaa vizuri mmeshapata sehemu kubwa ya faida.

Kuhusu pampu za msaada zinazoletwa na maktaba ya nchi nyingine, nimeona watu wanazifurahia kwa sababu tayari zina dawa ndani. Michanganyiko ile si yenu, adrenalini imeandikwa epinefrini, uniti zimewekwa tofauti, na pasiwedi ya kubadilisha iko kwa mtu aliyestaafu huko ng'ambo. Kama huwezi kuifungua maktaba uiandike upya, ifutwe au pampu itumike kwa maji tu. Maktaba ya watu wengine ni hatari kuliko kutokuwa nayo, maana inakupa moyo wa uongo.

Ya mtandao

Faida yake ni ya kweli: mfamasia akibadilisha kikomo kimoja, pampu zote zinapata kwa pamoja, na maonyo yote yanakusanyika sehemu moja, mnaona wodi gani inapita vikomo mara nyingi na saa ngapi. Hospitali yenye pampu 400 bila hivyo haiwezi, huwezi kuzunguka na laptopu vitanda 400.

Lakini mlango wa mtandao ni mlango. Mei 2015 FDA ilionya kuhusu pampu za LifeCare PCA za kampuni ya Hospira kwamba mtu akiwa kwenye mtandao anaweza kuzifikia na kuzibadilisha, na Julai mwaka huo huo ikazihimiza hospitali ziache kutumia pampu ya Symbiq ya kampuni hiyo kwa sababu mtu angeweza kuingia kupitia mtandao wa hospitali akabadilisha dozi. Hakukuwa na taarifa ya mgonjwa aliyeumia, ila ni mfano wa ulinzi wa dozi kugeuzwa njia ya kuingilia. Ukinunua ya mtandao umenunua pia kazi: mtu wa TEHAMA wa kuutenga mtandao wa pampu na ule wa ofisi na wageni, kusasisha programu, kubadilisha pasiwedi za kiwandani. Kama hospitali yako waifai moja inatumiwa na pampu, mhasibu na simu za ndugu wa wagonjwa, usiiunganishe. Pampu hizi zinafanya kazi bila mtandao pia, maktaba inabaki ndani, kwa hiyo kama umeipata kwa bei nzuri itumie kama ya maktaba ya kawaida na uzime waifai.

Ningechukua ipi

Kwa ICU, wodi ya watoto wachanga na chumba cha kujifungulia, yenye maktaba bila mtandao, kwa sharti moja kwamba mfamasia ametajwa kwa maandishi kuwa ndiye mwenye orodha. Hospitali haina mfamasia wa kuishika? Basi sichukui maktaba, nachukua pampu kavu ya daraja la juu yenye klipu ya kuzuia kumwagika, sensa nzuri ya hewa, na kikomo cha juu cha mililita kwa saa ambacho naweza kukifunga kwa pasiwedi kwa kila pampu. Hicho kikomo kimoja watu hawakijui na kipo kwenye pampu nyingi kavu. Pampu ya chumba cha uchungu ukiifungia isipite 130, haitazuia 12 kuwa 120, lakini itazuia 1200, na ukiwa na mchanganyiko mzito zaidi unaoingia kwa kasi ndogo unaweza kuifunga chini zaidi. Ni ulinzi wa mtu wa bei ya bure.

Wodi ya kawaida ya watu wazima, maji na antibayotiki, pampu kavu inatosha, na nyingine dripu ya kuhesabu matone inatosha. Seti ya matone 20 kwa mililita, 120 kwa saa ni matone 40 kwa dakika, nesi anayejua hesabu hiyo ndiye aliyeigundua ile 120 kwa macho, msiache kuwafundisha kwa sababu mmenunua mashine.

Na changanya uchache. Hospitali yenye pampu za aina tano, kila moja na mpangilio wake wa vitufe, ni bora ingekuwa na aina moja ya kati kuliko mbili nzuri na tatu za ajabu.

Siku muuzaji anakuja na demo usimwache aonyeshe anachotaka yeye. Nenda na mpira wenu, sirinji zenu zile za bohari, na nesi wa zamu ya usiku, siyo mkuu wa idara. Weka 60 kwa saa, kusanya kwa nusu saa kwenye silinda, upate 30, ikiwa chini ya 28.5 au juu ya 31.5 muulize kwa nini. Ukiwa na mfuko juu fungua mlango uvute mpira uone kama unadondosha. Banisha mpira kwenye mililita 2 kwa saa, washa saa ya simu, endelea na chai mpaka ilie, andika dakika. Chomoa umeme, iache na betri usiku kucha kwenye 25 kwa saa, na uangalie kama inatoa onyo la betri mapema au inazimika tu. Izime katikati ya dripu uiwashe, uone inakumbuka nini na inauliza nini. Andika 5.0 halafu 50 na uangalie kwa umbali wa mita mbili, taa imefifia, kama unaona nukta. Andika uzito wa kilo 7 halafu 70. Weka dozi mara kumi ya sahihi kwenye kila dawa iliyopo kwenye maktaba, moja moja, uone ipi inakataa na ipi inapita. Mpe nesi aiweke dripu kamili bila kufundishwa, wewe hesabu mibonyezo na unyamaze.

Ukifika kwenye bei omba itenganishwe: pampu, mipira ya mwaka mzima, betri ya kubadilisha, programu ya kuandikia maktaba na waya wake, pasiwedi ya fundi, na kitabu cha matengenezo. Nimeona hospitali imenunua pampu kumi za maktaba, programu ya kuandikia ikawa ni ya kulipia kila mwaka na haikuwa kwenye mkataba, zikakaa miaka mitatu zinafanya kazi kama pampu kavu za bei ya mara mbili. Kwa hiyo kabla ya kusaini, muuzaji akiwa bado yuko hapo na laptopu yake, mfamasia wenu abadilishe kikomo kimoja yeye mwenyewe, aingize kwenye pampu, na nesi aandike dozi ya juu ya kikomo hicho kipya.

Pampu ikikataa, malizieni mkataba.